Mama wa watoto watatu kiwanjani: historia ya Joy Fawcett na swali la nani anashika mtoto



Katika mitaa yetu kuna neno linalorudiwa kila siku: msichana akishazaa, mpira wake umekwisha. Wazazi wanalisema, makocha wanalisema, na wasichana wenyewe wamelikubali kiasi kwamba mwenye mimba harudi hata kuangalia wenzake wakifanya mazoezi. Viatu anampa mdogo wake. Ekipe inatafuta mwingine wa kuziba nafasi yake, na baada ya mwaka mmoja hakuna anayekumbuka kwamba yule mama anayeuza sombe sokoni alikuwa beki asiyepitika.

Leo ninataka tulipime neno hilo kwa historia. Nitawaeleza habari za mwanamke mmoja wa Marekani aliyestaafu mpira mwaka 2004, jina lake Joy Fawcett. Kwetu hajulikani sana. Wapenzi wa mpira wa wanawake wanamtaja zaidi mwenzake Mia Hamm aliyekuwa akifunga magoli. Lakini kwa mtu anayejiuliza kama mpira na jamaa vinaweza kukaa katika nyumba moja, Fawcett ndiye wa kutazamwa kwanza. Alizaa watoto watatu katikati ya maisha yake ya uchezaji, na kila mara alirudi katika ekipe ya taifa. Katika Kombe la Dunia la 1995, la 1999 na la 2003 alicheza kila dakika ya kila mechi ya nchi yake. Hizo ni mechi 18.

Kabla yake: milango iliyofungwa

Tusifikiri kwamba wazungu walianza na mawazo mazuri kuhusu mwanamke na mpira. Walianza kama sisi, na mahali pengine walianza vibaya zaidi.

Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, wanaume wa Uingereza walipokuwa vitani, wanawake waliingia viwandani kutengeneza silaha. Katika mji wa Preston, wafanyakazi wanawake wa kiwanda cha Dick, Kerr waliunda ekipe ya mpira. Walicheza ili kukusanya pesa za kusaidia askari waliojeruhiwa. Watu waliwapenda sana. Tarehe 26 Desemba 1920 walicheza mbele ya watazamaji wapatao 53,000 katika kiwanja cha Goodison Park, mjini Liverpool. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Desemba 1921, shirikisho la mpira la Uingereza likawafungia viwanja vyote vya vilabu vyake. Sababu iliyotolewa ni kwamba mpira haufai kwa wanawake. Zuio hilo lilidumu karibu miaka 50.

Brazil ilipiga marufuku mpira wa wanawake mwaka 1941, na marufuku hiyo ikakaa hadi 1979. Ujerumani Magharibi shirikisho lilikataza vilabu vyake kuwapokea wanawake kuanzia 1955 hadi 1970. Mahali pengi hoja ilikuwa ileile: mwili wa mwanamke umeumbwa kwa kuzaa, na mpira utauharibu. Kwa hiyo swali la mtoto halikuja baadaye. Tangu mwanzo mtoto ambaye bado hajazaliwa alitumiwa kumfukuza mama yake kiwanjani.

Huko Marekani mambo yalibadilika kwa njia ya shule. Mwaka 1972 ilitoka sheria iliyokataza ubaguzi kati ya wavulana na wasichana katika shule zinazopokea pesa za serikali. Shule zililazimika kuwapa wasichana nafasi katika michezo pia. Joy alikuwa na miaka minne wakati huo. Alizaliwa tarehe 8 Februari 1968 katika jimbo la California, na jina lake la kuzaliwa ni Joy Biefeld. Alikulia katika jamaa kubwa, jamaa ya watoto tisa, na nyumbani mpira ulikuwa chakula cha kila siku. Ndugu yake Eric naye alifika kuchezea Marekani.

Kwa hiyo alipofika umri wa kucheza, mlango ulikuwa wazi. Alisoma na kucheza katika chuo kikuu cha California, Berkeley, ambako alikuwa mfungaji wa magoli. Mwaka 1987, akiwa na miaka 19, aliitwa katika ekipe ya taifa. Huko walimrudisha nyuma, akawa beki.

Ekipe ya maskini

Ekipe ya taifa ya wanawake wa Marekani ilikuwa bado changa. Mechi yake ya kwanza ilichezwa Agosti 1985 huko Italia, na walifungwa goli 1-0 na wenyeji. Wachezaji wa miaka hiyo wamesimulia mara nyingi jinsi walivyokuwa wakivaa nguo za mazoezi zilizokatwa kwa vipimo vya wanaume, na jinsi walivyopewa dola 10 kwa siku wakiwa safarini. Hawakuwa na mshahara. Wengine walikuwa wanafunzi, wengine wanafanya kazi ndogo ndogo na kuomba ruhusa kila safari inapokuja.

Mwaka 1991 FIFA iliandaa Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, nchini China. Mechi zilichezwa kwa dakika 80 badala ya 90, maana wakubwa wa mpira walikuwa na mashaka kama wanawake watazimaliza. Joy alikuwa ndani ya ekipe. Tarehe 30 Novemba, mjini Guangzhou, Marekani ilishinda Norway 2-1 na kuchukua kombe. Waliporudi nyumbani hakukuwa na umati wa kuwapokea uwanja wa ndege. Wakaaji wengi wa Marekani hawakujua hata kama mashindano hayo yalikuwepo.

Ninayasema haya kwa sababu tunapotaja Marekani, watu wetu hufikiri mara moja juu ya pesa. Pesa zilikuja baadaye. Mama tunayemzungumzia alianza kulea na kucheza wakati ekipe yake ilikuwa bado haina kitu.

Mtoto wa kwanza, Mei 1994

Joy aliolewa, akachukua jina la mume wake, Fawcett. Mwaka 1993 alipewa kazi ya kuwa kocha mkuu wa kwanza wa ekipe ya wanawake ya chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles. Alikaa katika kazi hiyo hadi 1997. Mwaka 1994, mwezi wa tano, alizaa binti yake wa kwanza.

Tuhesabu mizigo iliyokuwa juu ya kichwa chake: mtoto mchanga, kazi ya ukocha, nyumba, na ekipe ya taifa inayojiandaa kwa Kombe la Dunia la mwaka unaofuata. Kwa desturi ya wakati ule, hapo ndipo mchezaji angeaga. Yeye alirudi mazoezini, na mtoto akaenda naye kambini.

Juni 1995 huko Sweden, mtoto akiwa na umri wa mwaka mmoja, Fawcett alicheza kila dakika ya mashindano. Marekani ilimaliza nafasi ya tatu. Mwaka mmoja tena ukapita, zikaja Olimpiki za Atlanta za 1996, ambazo ndizo za kwanza kuwa na mpira wa wanawake. Katika fainali dhidi ya China, mbele ya watu zaidi ya 76,000 katika mji wa Athens wa jimbo la Georgia, mabao yalikuwa 1-1. Kipindi cha pili Fawcett alitoka nyuma, akapanda mbio upande wa kulia hadi ndani ya eneo la China, akavuta mabeki wote kwake, kisha akampa mpira Tiffeny Milbrett aliyekuwa peke yake. Goli. Marekani 2, China 1, medali ya dhahabu.

Aliyepanda mbio zile alikuwa mama wa mtoto wa miaka miwili. Madaktari wa 1921 wangesema nini?

Nani anashika mtoto?

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo lenyewe. Watu wakisimulia habari za Fawcett hupenda kusema kwamba alikuwa na nguvu za ajabu. Ni kweli alikuwa na nguvu. Lakini mtu mwenye nguvu za ajabu bado ana mikono miwili tu, na huwezi kucheza mpira mtoto akiwa mgongoni. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Kwa hiyo lazima tuulize: Fawcett alipokuwa kiwanjani, nani alikuwa anashika mtoto?

Jibu lina sehemu tatu.

Kwanza, mume wake alikubali. Alikuwa na kazi yake, na jamaa ilijipanga kufuatana na safari za mama.

Pili, wachezaji wenzake walikubali. Watoto wa Fawcett walikua ndani ya basi la ekipe, katika hoteli na pembezoni mwa viwanja. Wenzake waliwabeba, waliwabembeleza, walicheza nao. Kwetu tungesema watoto wale walikuwa na mama wakubwa na mama wadogo ishirini. Na si kwa Fawcett peke yake: kapiteni wa ekipe, Carla Overbeck, alizaa mtoto wa kiume mwaka 1997, mwaka uleule Fawcett alipozaa binti wa pili. Wakawa mama wawili katika safu moja ya ulinzi.

Tatu, na hili ndilo lililobaki hadi leo, waligeuza msaada wa urafiki kuwa haki iliyoandikwa. Miaka ile ya 1990 wachezaji walianza kubishana na shirikisho lao juu ya malipo. Mwishoni mwa 1995 wakongwe kadhaa walikataa masharti ya malipo ya Olimpiki, wakakosa kambi. Januari 2000 walikataa safari ya kwenda Australia hadi wapate mkataba bora. Katika mambo waliyoyadai na kuyapata lilikuwemo la watoto: shirikisho ligharamie mlezi na safari ya mtoto wakati mama yuko kambini. Mei 2022, shirikisho la Marekani liliposaini mikataba ya malipo sawa kwa ekipe ya wanaume na ya wanawake, ilielezwa kwamba wanawake walikuwa na haki ya malezi ya watoto kwa zaidi ya miaka 25. Safari hii wanaume nao wakapewa.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Baba wanaochezea Marekani leo wanapata mlezi wa watoto wao kambini kwa sababu mama wawili watatu wa miaka ya 1990 walikataa kuchagua kati ya mtoto na mpira.

Majira ya joto ya 1999

Kilele cha habari hii ni Kombe la Dunia la 1999, lililochezwa Marekani kwenyewe. Fawcett alikuwa na mabinti wawili, mmoja wa miaka mitano, mwingine wa miaka miwili.

Hapa kuna kipande cha historia kinachotuhusu. Afrika ilikuwa na nafasi mbili katika kombe lile. Mashindano ya kuzitafuta yalichezwa Nigeria, Oktoba 1998. Kongo yetu ilikuwepo. Kumbukeni mwaka huo: vita vilikuwa vimelipuka tarehe 2 Agosti, miezi miwili tu kabla, na nchi ilikuwa inakatika vipande. Wasichana wa Kongo walikwenda hivyohivyo, wakamaliza nafasi ya tatu katika Afrika nzima. Nafasi ya tatu! Mbili za kwanza, Nigeria na Ghana, ndizo zilizokwenda Marekani. Wengi wetu tunawajua Leopards wa 1974 kwa majina. Hawa dada wa 1998 hatuwakumbuki, na walibakiza hatua moja tu wafike mahali Fawcett alipocheza.

Nigeria walikutana na Marekani mjini Chicago. Walitangulia kufunga, kisha wakafungwa 7-1, lakini hawakukata tamaa. Walifika robo fainali na kuisumbua Brazil hadi muda wa nyongeza, wakatoka kwa 4-3.

Marekani nao walipata shida katika robo fainali dhidi ya Ujerumani. Dakika ya tano tu, Brandi Chastain alijifunga. Hadi mapumziko Ujerumani iliongoza 2-1. Chastain yuleyule akasawazisha baada ya mapumziko. Dakika ya 66 ikaja kona, mpira ukapigwa na Shannon MacMillan ambaye ndiyo kwanza ameingia, na Fawcett, beki, akaruka na kuufunga kwa kichwa. 3-2. Bila goli hilo la mama wa watoto wawili, fainali ambayo dunia inaikumbuka isingekuwa na Marekani ndani yake.

Fainali ilikuwa tarehe 10 Julai katika uwanja wa Rose Bowl, mji wa Pasadena. Watu 90,185 walikuwa ndani. Mbele yao China tena. Dakika 120 zikaisha 0-0, na China walikosa goli la ushindi kwa sababu Kristine Lilly alitoa mpira kwa kichwa juu ya mstari. Zikaja penalti. Wa kwanza kupiga kwa Marekani alikuwa Overbeck, wa pili Fawcett. Yaani ekipe ilipohitaji watu wasiotetemeka, iliwaweka mbele mama wawili. Wote walifunga. Golikipa Briana Scurry akazuia penalti moja ya China, Chastain akafunga ya tano, na Marekani ikashinda 5-4.

Picha iliyozunguka dunia ni ya Chastain aliyepiga magoti kwa furaha. Ni picha nzuri. Mimi ningependa wasichana wetu waangalie pia kile kilichotokea penalti ya kwanza na ya pili.

Mtoto wa tatu, na kuaga

Juni 2001 Fawcett alizaa binti wa tatu. Ndio mwaka uliozaa pia ligi ya kwanza ya kulipwa ya wanawake Marekani, na yeye alikuwa wa klabu ya San Diego Spirit. Alirudi kucheza msimu huohuo. Ligi ilikufa mwaka 2003 kwa kukosa pesa, siku chache kabla ya Kombe la Dunia. Alikwenda kwenye kombe hilo akiwa na miaka 35 na watoto watatu, wa miaka tisa, sita na miwili, akacheza dakika zote, na Marekani ikawa ya tatu.

Mwishoni mwa 2004, baada ya dhahabu ya Olimpiki huko Athens, Ugiriki, alistaafu pamoja na Mia Hamm na Julie Foudy. Aliacha nyuma mechi zaidi ya 230 na magoli 27, ambayo kwa beki ni mengi. Mwaka 2009 jina lake liliingia katika nyumba ya heshima ya mpira ya Marekani.

Mtazamo wake juu ya michezo na jamaa unaonekana katika mwenendo wake mwenyewe. Hakusema kwamba jamaa ingoje hadi mpira uishe, wala kwamba mpira uishe kwa sababu jamaa imekuja. Alileta jamaa kiwanjani na kulazimisha kiwanja kiipokee. Mabinti zake walijifunza kutembea mahali mama yao alipokuwa anafanya kazi, kama vile watoto wetu wanavyojifunza kutembea shambani na sokoni. Jambo hilo si geni kwetu hata kidogo. Mama wa Kivu amefanya kazi na mtoto mgongoni tangu zamani. Kigeni ni kuuhesabu mpira kuwa kazi.

Nyumbani kwetu

Sasa tuseme ukweli kuhusu tofauti. Fawcett hakukimbia vita. Hakulala katika hema la turubai wala kungoja zamu ya maji tangu saa kumi za alfajiri. Wengi wanaosoma haya wamehama mara mbili, mara tatu. Kwa mama wa namna hiyo, kumwambia acheze mpira kunaweza kusikika kama dharau.

Na sheria zetu zenyewe zilikuwa mzigo. Sheria ya jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kabla ya kufanya tendo la kisheria. Maana yake, mchezaji mwenye mume hangeweza kusaini mkataba na klabu kwa mkono wake peke yake. Umri wa msichana kuolewa ulikuwa miaka 15. Sheria ya kulinda mtoto ya Januari 2009 iliupandisha hadi 18, na marekebisho ya Julai 2016 yakaondoa lile sharti la ruhusa ya mume. Mama anayesoma haya ajue: kisheria, saini yako leo inatosha. Jirani, mchungaji au shemeji akisema vinginevyo, anasema sheria ya zamani.

FIFA nayo imesogea. Tangu Januari 2021, mchezaji mwenye mkataba ana haki ya likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, kwa theluthi mbili ya mshahara, na klabu haina ruhusa ya kumfukuza kwa sababu ya mimba. Sheria hiyo ina meno. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland, aliyezaa mwaka 2021, alikatiwa malipo na klabu yake ya Lyon alipokuwa mjamzito. Alishtaki, na FIFA ikaamuru alipwe zaidi ya euro 82,000. Mwaka 2024 haki hizo zikaongezwa kwa mama wanaolea mtoto wasiyemzaa.

Mtasema: wasichana wetu hawana mikataba, likizo hiyo itawafikia wapi? Ni kweli kwa wengi. Lakini mambo yanakuja. Novemba 2024 wanawake wa TP Mazembe ya Lubumbashi walikuwa mabingwa wa Afrika huko Morocco, wakiishinda AS FAR 1-0 mbele ya watu wake. Julai 2025 ekipe ya taifa ya wanawake ilicheza kombe la Afrika, pia Morocco. Wasichana wanaocheza leo kwenye vumbi la kambi wanaweza kufika huko. Baadhi yao watakuwa wamezaa kabla ya kufika. Tukiwaaga siku wanapozaa, tumejinyima nusu ya ekipe.

Na hata yule asiyefika popote, mpira una faida kwake. Aliyehama amepoteza majirani, kanisa au msikiti wake, kikundi chake cha akiba, watu waliomwita kwa jina. Ekipe inampa watu kumi na wengine wanaomngoja saa fulani, na asipokuja wanauliza yuko wapi. Kwa mama aliye peke yake na mtoto katika mahali pa ugeni, kuulizwa yuko wapi si jambo dogo.

Kutoka katika historia hii tunaweza kuchukua mambo yasiyohitaji dola hata moja. Ekipe ya wanawake ipange zamu ya kushika watoto kama inavyopanga zamu ya kufua jezi: leo wawili hawachezi, wanashika, kesho wengine. Saa ya mazoezi iwekwe baada ya maji na soko, siyo saa inayompendeza kocha. Mchezaji akipata mimba, jina lake lisifutwe kwenye daftari. Akizaa, muuguzi wa kituo cha afya aulizwe lini anaweza kukimbia tena, na kocha angoje jibu hilo. Bwana wake na mama mkwe waalikwe kuangalia mechi, waone kwa macho kile wanachoombwa kukubali. Na msaada ukishazoeleka, uandikwe katika kanuni za ekipe, ili usife siku aliyeuanzisha atakapohama tena.

Fawcett na Overbeck walifanya hayohayo, kwa hatua hizohizo: kwanza marafiki walishika mtoto, kisha ekipe nzima ikazoea, kisha ikaandikwa. Ilichukua miaka, na walioanza hawakujua kwamba siku moja hata wanaume watafaidika.

Kwa hiyo tukisikia tena lile neno, kwamba msichana akishazaa mpira wake umekwisha, tusianze kubishana juu ya nguvu zake. Tuulize kwanza kama kuna mtu aliyejitolea kushika mtoto. Mara nyingi tutakuta hakuna aliyeulizwa.